Hata Nikila, Saa Zinahesabiwa

Siku moja kabla ya safari nilimpigia mama simu kumwambia kesho natua Mbamba Bay, nyumbani kabisa, na helikopta. Tangu niwe rubani sikuwahi kutua kwetu. Nilikuwa na furaha mpaka naongea haraka haraka.

"Utalala?" akauliza. "Miaka yote unapita tu juu ya paa langu. Mimi nataka usiku mmoja."

Nikamwambia haiwezekani. Nawaleta wahandisi wawili wa barabara kutoka Mbinga na kuwarudisha siku hiyohiyo. Nikamweleza kwa mbwembwe zangu zote: saa za kuruka naziandika kwenye daftari, tangu mapanga ya helikopta yaanze kuzunguka mpaka yasimame. Saa za kazi ni nyingine. Zinaanza ninaporipoti asubuhi, na zikiisha siruki hata dakika moja.

"Hata ukiwa umekaa tu, unakula?"

"Hata nikila, mama, zinahesabiwa."

"Haya," akasema.

Kesho yake tulivuka milima, ziwa likatokea mbele, nikajikuta nacheka peke yangu. Uwanja wa shule ulikuwa umejaa watu, na nusu yao ni ukoo wangu. Saa zangu za kazi zilikuwa zinaishia saa kumi na moja jioni, na mpaka Mbinga ni dakika ishirini.

Saa tisa wahandisi walikuwa wamemaliza kazi. Hapo ndipo shangazi zangu walipotokea na masufuria. Shikamoo kwa huyu, shikamoo kwa yule, na huwezi kumruka mmoja. Ugali wa muhogo ukaja, samaki wa ziwani, mbasa, wakaja. Nikinyanyuka, sahani nyingine inatua. "Hii ya shangazi yako wa Kihagara, kaja na bodaboda." Wewe mkatalie shangazi uone. Wahandisi nao, ambao ningewategemea wanihimize, walikuwa wanaongeza samaki.

Nilipotazama saa, ilikuwa kumi na dakika hamsini. Nilijikasirikia sana, mimi ninayewasema wenzangu kwa kuchelewa. Nikapiga simu ofisini, wakajibu nilichokijua: laleni hukohuko.

Nikamfuata mama kumwomba radhi, kwamba tumekwama na tunahitaji pa kulala. Akafungua mlango wa chumba changu cha zamani. Kitanda kilikuwa kimetandikwa shuka zilizopigwa pasi, na chumba cha pili vitanda viwili vya wageni.

"Nimetandika tangu jana," akasema. "Si ulisema hata ukila zinahesabiwa? Nikawaambia shangazi zako wapike."