Nyongeza Iliyovuka Bahari

Siku ile simu ilipolia naikumbuka hata leo, mwanangu. Nilikuwa kijana, kifua mbele. Biashara yangu ya kukausha mboga za kienyeji pale Kitale ilikuwa imevuka mipaka: Nekesa, binti wa kwetu Bokoli aliyefungua duka Uingereza, alikuwa amenunua mzigo wangu wa kwanza. Mtaani wakaniita Mzungu wa Mrenda, nami nikaitika. Sifa hulewesha kuliko busaa.

Sasa wewe ni mtu wa huku, soko letu unalijua. Mtu akinunua humwachi aende hivi hivi. Unamtilia nyongeza, hata kama ni konzi moja. Asiyeongeza ni mchoyo, na wateja humkimbia. Basi nikaona haya kupeleka mboga ng'ambo bila nyongeza. Kukhu, yaani nyanya yangu wa Bungoma aliyenilea, akanisagia unga wa njugu wa kuungia mboga. Nikaufunga katika vifuko vidogo, nikachomeka kimoja ndani ya kila pakiti ya mrenda. Kwenye pakiti sikuandika neno juu yake. Kwani zawadi nayo huandikwa?

Jumapili moja nilikuwa kwa Kukhu, tumetoka kanisani, chakula kiko mezani. Nekesa akapiga simu.

"Wafula, uliweka nini kwa hiyo mboga?"

"Si ni nyongeza tu, dada! Unga wa njugu. Ati hawakupenda?"

Nikamsikia analia. "Kifuko kimepasukia ndani. Kuna mtoto wa mteja amekula, koo limefura, hapumui vizuri. Wamemkimbiza hospitali. Mwili wake hautaki njugu hata kidogo, na pakiti inasema ni mrenda peke yake!"

Usilolijua ni kama usiku wa giza. Njugu! Sisi tulikua tukizitafuna njiani tukienda shule, sikuwahi kusikia kwamba zinaweza kumuua mtu. Tenda wema nenda zako, wanasema. Mimi nilitenda wema, ukanifuata mpaka nyumbani. Nakuambia kweli, kwanza niliogopa jela. Kisha nikafikiria kaburi dogo, na jela nikaisahau kabisa.

Simu yangu ilipaza sauti, na Kukhu alikuwa amesikia yote. Alitazama viganja vyake. "Ni hii mikono irisaga," akasema, akawa anaifuta kwenye nguo yake. Sikuwahi kumwona akiogopa, hata tulipofiwa na babu. Tukapiga magoti, tukaomba, tukarudi kukaa. Ugali ukapoa. Kila pikipiki iliyopita njiani ilinishtua, nikidhani ni polisi wanakuja.

Mwishowe akanigeukia. Hakufoka. Afadhali angefoka.

"Wafula, mimi sokoni naongeza mutu namujua. Nimemusarimia, nimeuliza watoto, najua kwake wanakura nini. Wewe umeongeza mutu hata uso hujaona. Hiyo si nyongeza, mwana. Hiyo ni kurisha mutu gizani."

Jua lilikuwa linatua simu ilipolia tena, nikashindwa kuishika. Kukhu ndiye aliyeipokea. "Amefumbua macho," Nekesa alisema. "Anapumua." Nikaketi chini nikalia mbele ya nyanya yangu, mwanaume mzima, wala sikuona haya. Nekesa alizitoa pakiti zangu zote dukani, na ilipita miaka kabla ya kukubali kununua kwangu tena. Simlaumu.

Mwanangu, nasikia unataka kuuza nje. Uza. Sitakushika shati, na wanaokucheka leo kesho watakuomba kazi. Lakini mteja wa mbali hawezi kusimama mbele ya kibanda chako akakuuliza. Macho yake ni yale maandishi uliyobandika. Kwa hiyo andika kila kilichomo, na ambacho hukuandika usikitie, hata moyo wako ukiona ni ukarimu. Uliza kwanza wanakula nini na nini huwadhuru. Mkono wazi bila kuuliza unaweza kuzika mtu.

Mtoto yule sasa ni mtu mzima. Jina lake silijui, sijapata ujasiri wa kuliuliza. Mungu akupe wateja hata katika nchi usizoweza kutaja, akuzidishie kwa kila unachokishika, na asikuondolee kamwe ule woga unaokufanya umfungie mgeni chakula kana kwamba ni cha mwanao.