Gumba Kwenye Puti

Siku yangu ya kwanza kazini nilipewa pima maji na kitambaa, si nyundo. Karakana ilikuwa nyuma ya stesheni ya Nakuru. Msimamizi wetu, Mhindi mrefu tuliyemwita Mistri, alinipandisha juu ya stoo yenye paa la zege na kuniuliza naona nini. Nikasema naona tambarare.

"Wewe naona tambarare," akasema. "Maji naona mteremko. Jifunze kuona kama maji."

Ninyi vijana mnanunua dirisha la paa likiwa tayari, mnalibandika kwa gundi ya mkebe, mnaenda kunywa chai. Sisi tulilijenga. Tundu tulilizungushia ukingo wa zege, shubiri moja kwenda juu, ili maji yanayotuama juu ya paa yasiingie. Juu ya ukingo ikaja fremu ya mvule, upande mmoja umeinuliwa kidogo. Kiungo cha mbao na zege tulikifunika kwa bati la risasi, laini kiasi cha kukunjwa kwa mkono. Mwisho kioo chenye waya ndani, kikalazwa kwenye puti, yaani unga wa chaki uliokandwa na mafuta ya kitani mpaka uache kunata.

Mistri alikuwa na sheria yake. Aliyefunga kona ya kioo alibonyeza gumba lake kwenye puti kabla haijakauka. Ikivuja, hakuna kuulizana.

Aliyenifundisha puti hasa ni Mwangi, mtu wa makamo mwenye kovu la kioo kwenye gumba. Ilikuwa miaka ya hamsini, wakati wa Hali ya Hatari, serikali ya kikoloni ikiwabana Wakikuyu. Mkikuyu hakwenda popote bila pasi, na pasi ya Mwangi ilisimama kwa sahihi ya Mistri. Mimi, mtu wa Kakamega, askari waliniacha nipite. Tofauti hiyo niliijua vizuri, nisije nikajitetea hapa.

Tulitumwa Molo, kwa mzungu mmoja mwenye shamba. Mama yake alikuwa mgonjwa wa kitandani na alitaka kuona mawingu. Mwangi akachukua kona mbili, nami mbili. Asubuhi hiyo fremu ilikuwa nyeupe kwa umande ulioganda.

"Ngoja jua ikaushe hiyo mbao," Mwangi aliniambia. "Puti haishiki kwa maji."

Akashuka kukanda puti nyingine. Vidole vilikuwa vinaniuma kwa baridi, nami nilitaka kumaliza. Kona yangu ya kwanza ilikuwa imeshapata jua. Ya pili ilikuwa kwenye kivuli cha bomba la moshi, na nilijua kabisa kwamba ina maji. Niliipangusa kwa mkono wa shati nikaijaza puti. Gumba sikuweka. Nilijiambia nitairudia, kisha nikashuka.

Mwangi alipopanda kukagua, aliikuta kona haina alama. Alidhani nimesahau, na hakutaka Mistri anigombeze. Akabonyeza gumba lake.

Mvua ya kwanza ilimdondokea yule mama kitandani. Mistri alitupakia kwenye lori, tukapanda wote watatu juu ya paa, akainama kwenye kona ya kivulini. Alama ya kovu ilionekana wazi kwenye puti.

"Mwangi, hii kidole yako?"

"Ni yangu."

"Wewe naweka puti juu ya maji? Wewe?"

Mwangi akanitazama. Hakukasirika, alinisubiri tu. Nami nikaangalia ngazi kana kwamba sijawahi kuiona.

"Ni yangu, Mistri," akarudia.

Mistri hakuwa mtu mbaya, lakini mwenye nyumba alikuwa amesimama chini akitaka mtu afukuzwe. Pasi haikutiwa sahihi tena. Wiki hiyo hiyo Mwangi alipakiwa kwenye lori na wenzake, wakarudishwa rizavu, eneo walilotengewa Wakikuyu. Kona niliitengeneza mimi. Niliibandua puti yenye alama yake, nikaweka mpya, nikabonyeza gumba langu, na Mistri akanisifu. Sijawahi kuona aibu kama ile.

Baadaye nilipelekwa Naivasha, kisha Olenguruone kwenye majengo ya shule, na mwishowe nikawa msimamizi mimi mwenyewe. Vijana wangu walinong'ona kwamba mzee anapenda mno kupapasa mbao kabla ya puti. Walikuwa sahihi. Miaka yote hiyo nilijua kijiji cha Mwangi, na kila likizo nilipata sababu ya kutokwenda.

Nilipostaafu, sababu ziliisha. Nilikuta Mwangi ameshazikwa. Mke wake, mama mwenye mgongo ulionyooka aliyekuwa akimenya viazi mlangoni, alinitazama viatu, kisha uso.

"Umetoka Nakuru?"

"Ndio, mama. Nilifanya kazi na mzee."

"Ile ya vioo?"

"Ile ya vioo."

Akaweka kisu chini. "Alisema siku moja atakuja mtu wa Nakuru mwenye kushindwa kuongea. Akasema nisimuulize kitu, nimpe chai."

Akaingia jikoni. Kwa hiyo Mwangi alijua, tangu pale juu ya paa, kwamba gumba sikulisahau. Chai ilipokuja, nilikipokea kikombe. Nikakiweka chini, nikamwambia mama yule kona ilikuwa ya nani.