Maksai Aliyekuwa Bado Anacheua

Nilipoulizwa kama maksai yule apigwe risasi, nilipaswa kujibu kwamba uamuzi huo si wangu, ni wa baba. Nikasema, "Apigwe." Nilikuwa na miaka ishirini, karani katika shamba la mzungu upande wa Njoro, na miaka miwili ya sekondari ilikuwa imenifunza kuona haya kusema sijui.

Baba alikuwa mkuu wa wachungaji katika shamba hilohilo. Hakujua kusoma, lakini walikuja kumwita kutoka mashamba ya mbali, hata Molo. Aliweka kiganja nyuma ya sikio la ng'ombe, akasikiliza tumbo, akachambua kinyesi kwa kijiti, ndipo akasema neno. Wala hakuogopa kuua. Nilimwona siku ndama alipoanguka korongoni akavunjika mgongo. Aliwafukuza waliokuja kutazama, akavua koti lake kuukuu la jeshi, akamfunika ndama macho, akamsemesha polepole kama mtu anayebembeleza mtoto, kisha akamaliza kwa pigo moja. Koti alilifua mwenyewe mtoni.

"Mnyama akikataa majani na akaacha kucheua, amekuomba ruhusa," alituambia. "Usimcheleweshe. Lakini kabla hajaomba, usimpe."

Maksai ninayemsema alikuwa wa mbele kwenye plau, mweusi, na baka jeupe kifuani. Asubuhi moja ya msimu wa kulima alikataa kusimama. Mguu wa nyuma ulikuwa umevimba kutoka kwato hadi juu ya kifundo. Baba akaomba siku tatu. Mzungu akatazama mawingu, kisha akanigeukia mimi, akasema kwa Kiswahili chake cha shambani:

"Baba yako nasema ngoja. Wewe nasoma kitabu. Sema."

Nilikuwa nimesoma kwamba mnyama aliyevunjika mguu asiachwe ateseke.

"Umevunjika," nikasema. "Tukimwacha tunamtesa bure."

"Umeushika?" baba akauliza.

Sikuwa nimeushika.

"Mwangalie mdomo, mwanangu. Anacheua."

Mmoja wa vibarua wa plau akaangua kicheko. "Mzee, mwache Bwana Karani! Huyu huona mfupa akiwa amekaa ofisini!"

Wenzake nao wakacheka. Kicheko hicho ndicho kilichonifunga. Sikuweza tena kurudi nyuma mbele yao. Ndipo nikasema lile neno.

Baba hakubishana. Alivua koti, akamfunika maksai macho, akachuchumaa karibu na kichwa chake akimsemesha, mpaka mzungu alipomwamuru asogee.

Walipomchuna, mfupa ulikuwa mzima. Katikati ya kwato ulikuwemo mwiba wa mgunga, mrefu kama kidole, umezungukwa na usaha. Baba aliuchomoa, akaupangusa kwenye nyasi, akauweka kiganjani mwangu.

"Siku tatu," akasema. Hakuwa na hasira. Nyama ya siku ile hakuila.

Siku hizi nasikia watu wakibishana kama ni halali kumuua mnyama kwa kumhurumia. Ni halali, nilimwona baba akifanya hivyo, na sijaona mkono wenye huruma kuliko ule. Lakini yeye alikuwa ameshika kwanza. Mimi niliogopa kuchekwa, nikakiita kitu hicho huruma.

Baba aliishi miaka mingi baadaye, na hakuacha kunipenda. Alikula kwangu, akawabariki watoto wangu. Ng'ombe wangu walipougua alikuja kuwatibu, na kila mara aliniomba, kwa upole, nimngoje nje ya boma. Aliyeingia naye alikuwa mume wa dada yangu, na huyo ndiye aliyefundishwa yote. Mimi, mwanawe wa kiume wa pekee, hakunifundisha tena jambo lolote kuhusu ng'ombe mpaka tulipomzika.