Shangazi, Ubani na Usingizi Wangu

Jirani yangu hapa Kyebando amefukiza ubani tena leo asubuhi, nami nimefunga dirisha kwa hasira. Si kwamba unanuka vibaya. Ila nilipokuwa mtoto kule Kisenyi nilivuta ubani wa kunitosha maisha, nimefunikwa shuka gubigubi, chetezo mbele ya miguu yangu, shangazi Zuhura akimsemesha jini ambaye hakumjibu hata siku moja.

Kosa langu lilikuwa kulala. Nililala nikila, nililala nimesimama dukani kwetu, nililala madrasa uso umeangukia juzuu. Mafundi wa gereji ya jirani waligonga vyuma kutwa, wala sikuwasikia. Na kila mtu alikuwa na dawa! Mwalimu alinifinya sikio. Mama alinipaka ndimu usoni. Shangazi, dada mkubwa wa baba, ambaye akisema nyumbani imekwisha, aliniletea makombe: aya zimeandikwa kwa zafarani kwenye sahani nyeupe, zinaoshwa kwa maji ya waridi, unakunywa. Nikanywa. Nikalala.

Halafu nikajiponza kwa mdomo wangu mwenyewe. Mchana mmoja niliamka siwezi kusogeza hata kidole, na mtu asiye na uso amenikalia kifuani. Nikasimulia. Lo, ningejua ningenyamaza!

"Si nilikwambia?" shangazi akamgeukia mama. "Kamwona mwenyewe."

Tena kulikuwa na hili la magoti. Nikichekeshwa sana, magoti yalilegea nikashuka chini kama nguo iliyodondoka kambani. Nilikuwa macho, nasikia kila neno, ila mwili haukunitii. Hilo nalo likaandikiwa jini.

Pamoja na hayo, Kurani niliimaliza. Nilisoma nikitembea uani, nikijiuma ulimi. Nilikuwa na tamaa moja tu: siku ya kuhitimu nisome mbele za watu, mama anisikie, waache kuninong'ona kama maiti. Shangazi alikataa katakata. Mama, ambaye hakuwahi kumpinga, akasema kwa upole, "Atasoma, wifi." Mimi niliyekuwa mlangoni sikuamini masikio yangu.

Nikasoma. Sikukosea hata irabu. Nilipofunga msahafu, mama, yule mtu wa haya asiyepaza sauti hata akiungua, akapiga vigelegele. Furaha ikanijaa mpaka kooni, nikaporomoka pale pale mkekani.

Nilisikia yote. Nilimsikia jirani akinionea huruma, "Bambi, mtoto wa watu!" Nilimsikia shangazi: "Mnaona? Aya zimemchoma." Nilisikia vigelegele vya mama vikikatika. Nilitaka kuwapigia kelele kwamba sina jini, nina raha, jamani, niacheni! Ulimi haukuinuka. Wiki iliyofuata, wenzangu wakiendelea na masomo mengine, mimi nikatolewa madrasa, eti maneno matukufu yasije yakaniua. Ujinga gani huo?

Ilinibidi nizeeke kidogo ndipo daktari mmoja aniulize maswali ya maana. Akanitajia jina refu la ugonjwa, kisha akanieleza: mtu akiota, mwili hufungwa kufuli ili asirukeruke na ndoto zake. Kwangu kufuli hilo huja bila mpango. Hubaki nikishaamka, na ndoto yenyewe ikaendelea mbele ya macho yangu. Hushuka pia nikiwa macho kabisa, hasa nikifurahi. Alinieleza kwa utulivu, kana kwamba ananielekeza njia ya sokoni, nami nikamkasirikia hata yeye. Maneno mepesi hivyo yalikuwa wapi wakati nafukizwa?

Watu wananiambia nina hasira za karibu. Kweli ninazo. Hasira haijaniangusha hata mara moja. Furaha ndiyo niliyojifunza kuikimbia.

Jioni ile niliyotoka kwa daktari nilimpigia mama simu nikamweleza.

"Kwa hiyo siku ile ya kuhitimu ulifurahi?" akauliza.

"Nilifurahi mno, mama. Kwa ajili yako."

"Mimi nilijua sauti yangu ndiyo iliyomchokoza jini, mwanangu. Sijapiga vigelegele tena. Hata harusini kwako nilijiziba mdomo kwa mtandio, usije ukaanguka."

Nilikaa chini na simu mkononi. Miaka yote hiyo nilimnunia mama yangu, nikiamini kwamba hakumpenda mume wangu.