Tufe Lisilowaka

Dada Anga alikuwa kibarua wa jumba letu la makumbusho kwa miaka kumi na mmoja, na kila baada ya miezi mitatu alitia saini mkataba mwingine wa miezi mitatu. Kazi yake ilikuwa kuongoza wageni katika chumba cha nyota. Usitarajie makubwa: viti ishirini, pazia jeusi lililotafunwa na panya, na meza yenye vitu viwili alivyovitengeneza mwenyewe. Kimoja kilikuwa taa ndogo nyekundu.

"Hii ni nyota kibete nyekundu," aliwaambia wageni. "Ni jirani yetu, ila ni hafifu, huioni kwa macho matupu."

Cha pili kilikuwa tufe la udongo alilolipaka rangi ya kahawia.

"Na huyu ni mwenzake, kibete kahawia. Anaizunguka nyota siku zote, lakini alikosa uzito wa kuwaka kama hiyo nyota."

Hapo alikuwa akinitupia jicho, maana mimi ni fundi umeme wa jumba, na mkataba wangu ni wa miezi mitatu vilevile.

Wiki ya kumpokea mgeni rasmi, Mkurugenzi alikuja kukagua. Huyu ndiye aliyeamuru choo kipakwe rangi upande mmoja tu, ule unaoonekana kutoka barabarani. Alilitazama tufe akakunja uso.

"Hiki kinafanya nini?"

"Kinazunguka, bosi," Dada Anga alijibu.

"Basi?"

"Basi."

"Mheshimiwa anakuja, nyinyi mnamwonyesha kitu kilichoshindwa? Atasema tulioshindwa ni sisi. Fundi, kitie taa. Na wewe dada, siku ikipita salama, barua yako ya ajira ya kudumu iko mezani kwangu."

Alipotoka, Dada Anga alijibwaga kwenye kiti.

"Nimewaambia maelfu ya watu kwamba hawaki. Leo niseme amepona?"

"Dada, fikiria hiyo barua."

"Naitaka mpaka naiota. Lakini mwanga usiweke."

Nilimwona mjinga. Nilimwonea wivu pia, kwa sababu mimi ningeweka hata taa tatu. Basi nikatafuta njia ya kuwatii wote wawili: nikatia balbu ya zamani ndani ya tufe, kama bosi alivyoagiza, ila sikutoboa hata tundu moja la kupitisha mwanga, na siri hiyo nikamwambia Dada Anga peke yake.

Siku ikafika. Mgeni rasmi aliingia akizungukwa na watu kumi na sita, na kati yao sikuona aliyewaka. Nikabonyeza swichi mapema, hotuba zikaendelea, na pazia lilipofunguliwa nyota ilikuwa nyekundu, tufe kimya. Bosi akanikata jicho.

"Hili la pili limeharibika?" Mheshimiwa aliuliza.

Dada Anga akasogea mezani. Angeweza kunisukumia mimi lawama, na barua ingekuwa yake.

"Halijaharibika, mheshimiwa. Haliwaki. Weka mkono."

Mheshimiwa akaweka, akauacha mkono pale mpaka watu wake wakaanza kutazama saa.

"Lina joto," akasema polepole.

"Ndiyo. Na yule wa angani ana joto lake pia, ingawa macho yetu hayalioni."

"Ni nani aliyebuni hili?"

Bosi alikuwa keshasogea mbele. "Ofisi yangu, mheshimiwa."

Wiki iliyofuata bosi alipata cheti cha ubunifu, akakitundika dirishani, kikiwa kimeelekea barabarani. Dada Anga alipata barua yake: miezi mitatu. Aliisoma akiwa amesimama mlangoni, akalia kidogo bila kujificha, akajifuta kwa lile pazia la panya, maana wanafunzi walikuwa wameshapanga foleni.

"Huyu ni mwenzake," nilimsikia akisema ndani. "Hawaki. Njooni mmguse, na msisukumane, kila mtu zamu yake itafika."