Ukaguzi Wangu wa Kwanza Mangapwani

Nilirudi kutoka chuo kikuu, miaka michache baada ya Mapinduzi, nikiwa natilia shaka kila kitu. Labda ndiyo maana serikali ilinituma Mangapwani kukagua mwenendo wa baraza la huko. Mwenyekiti alilalamikiwa kwamba anatumia mali ya baraza kama yake, na ripoti yangu ingeweza kumng'oa.

Tuliswali adhuhuri kwanza, mimi na baraza zima. Nilitoka msikitini wa mwanzo, nikavaa makubadhi mlangoni, nikawahi ofisini. Yalinibana kidogo, nikalaumu joto.

Wajumbe walifika, mwenyekiti hakuonekana. Nikaanza kuwahutubia juu ya watu wanaochukua kisicho chao bila wasiwasi. Mjumbe mmoja akawa anatazama miguu yangu huku anakohoa.

Mara mwenyekiti akaingia, miguu mitupu, vumbi mpaka vifundoni. Hata shikamoo nikaisahau.

"Mzee, kuchelewa nimeelewa. Lakini kiongozi kuja kikaoni pekupeku, huoni haya?"

"Naona, mwanangu," akajibu kwa upole. "Lakini yaliyobaki mlangoni makubwa, yananivuka. Yangu ndiyo hayo uliyoyavaa."