Jicho la Deki ya Suzuran

Muneo Sakakura hakuwahi kusema kwamba deki imekufa. Alisema imelala. Katika chumba kilichokuwa ghala la mchele la marehemu baba yake zilikuwa zimelala deki thelathini na nane, zimepandana hadi karibu na dari, kila moja imebandikwa kikaratasi cha jina la mwenyewe na ugonjwa wake. Hizi si deki za kanda, wala si za hivi visahani vinavyoingia mfukoni mwa koti. Ni zile za diski kubwa za picha na muziki, mfano wa sinia, ambazo zamani kila baa, kila hoteli na kila bwana harusi mwenye majivuno alitaka aonekane nazo. Ulimwengu ulikwisha kuziacha. Muneo ndiye aliyekataa, na kwa ukaidi wa mtu yule, nadhani ulimwengu haukumuuliza.

Alikaa miaka ishirini na miwili kiwandani huko kusini, meza ile ile, kiti kile kile, akifunga kitu kimoja tu: jicho. Jicho la deki ni kioo kidogo kama punje ya dengu, na chini yake mna mwanga mwekundu unaosoma diski. Likikaa upande kidogo tu, picha inajaa chengachenga. Kazi ile ilipokwisha, wenzake walihamishiwa kwenye mambo mengine. Yeye alirudi kwao Akita, kaskazini mwa Japani, na begi moja la nguo na mawili ya vipuri. Mama yake, aliyekuwa akitarajia mkwe, aliyapokea yale mabegi kwa uso mkavu, na nadhani hakumsamehe mpaka anaingia kaburini.

Basi akawa anaishi hivyo. Daktari wa meno wa Niigata alimletea deki yake kila mwaka kama anayepeleka mtoto kliniki. Mtawa wa hekalu la juu alikuwa na diski za mbio za farasi ambazo hakutaka waumini wajue. Muneo aliwatunzia siri na mashine. Kabla ya kufungua deki yoyote aliiomba radhi kwa sauti, kisha akachokoa mikanda ya mpira iliyoyeyuka ikawa kama lami, akakata mipya, akapaka grisi, akasafisha jicho kwa pamba na spiriti. Mara moja kwa mwezi aliziwasha zote kwa zamu zisije zikakakamaa viungo. Akiwa na miaka sabini na miwili, yeye mwenyewe hakuwa akifanya mazoezi ya namna hiyo.

Alikuwa fundi mwaminifu kwa watu wote isipokuwa mmoja.

Huyo mmoja ni Tamayo, mwenye baa ya Suzuran, karibu na kituo cha treni. Watu wote walimwita Mama, kama wanavyoitwa wenye baa za namna ile. Ni chumba chenye viti tisa, jiko la mafuta ya taa, na televisheni ya kuimbia karaoke. Deki yake aliinunua miaka kumi na tisa iliyopita kutoka hoteli iliyokuwa inafungwa, pamoja na rundo la diski. Jicho la deki hiyo lilikuwa dhaifu tangu siku ile. Kila Ijumaa alasiri, kabla wateja hawajaja, Muneo alifika na mkoba wake wa vifaa, akaifungua, akasafisha, akakaza skrubu moja kiasi cha unywele, akafunga. Deki ikaona vizuri mpaka Alhamisi. Naye akawekewa sahani ya figili iliyokaushwa kwa moshi na bilauri ya sake, pombe ya mchele, iliyopashwa moto, akakaa hadi giza linaingia.

Sasa sikia aibu yake. Miaka kumi na moja iliyopita alipata jicho zima, la aina ile ile, kutoka deki ya daktari mmoja aliyekufa akiwa ameitumia mara tano. Kulibadilisha ni kazi ya saa mbili. Alilifunga ndani ya soksi safi, akaandika juu yake "Suzuran", akalitia kwenye droo. Likakaa humo. Kila Ijumaa alijiambia wiki ijayo, na kila Ijumaa alikaza ile skrubu unywele mmoja. Alijua vizuri sana kwamba deki yenye afya haimwiti fundi, na fundi asiyeitwa hana sababu ya kukaa Suzuran akitafuna figili huku akimtazama Mama akipanga bilauri.

Kumwambia neno hakuthubutu. Mji mzima ulijua habari ya Mama. Mumewe alikwenda Tokyo kufanya vibarua vya ujenzi msimu wa theluji, kama wanaume wengi wa kule walivyokuwa wakifanya, na theluji ilipoyeyuka wengine walirudi, yeye hakurudi. Hakufa. Alipata mwanamke Kawasaki, mji jirani na Tokyo. Ndiyo sababu kila usiku Mama alifunga baa kwa wimbo mmoja, wa mke anayemngoja mume aliyekwenda kwenye vibarua. Si wimbo uliopata jina, hata redioni haukupigwa sana. Ubeti wa kwanza mume anaondoka, wa pili mke anahesabu siku, kisha picha inachafuka kidogo, chenga mbili tatu, na wa mwisho unasema theluji inazidi kuanguka na mlango umeachwa wazi. Hapo wanaume wazima walitoa leso. Hikoichi kinyozi, ambaye mkewe alikuwa nyumbani mzima wa afya na anamgombeza kila siku, ndiye aliyelia kuliko wote. Na Muneo, akiwatazama, alijiambia kwamba mwanamke anayeimba vile bado anangoja, na mtu mwenye adabu hajipenyezi katikati.

Januari hii deki ilizima kabisa, katikati ya sherehe ya kuzaliwa ya Hikoichi. Ijumaa iliyofuata Mama alimweleza Muneo bila kuzungusha. Mpwa wa jirani angemletea mashine ya kisasa inayochukua nyimbo hewani, maelfu kwa maelfu, na angekuja Jumamosi jioni ya wiki ijayo kuifunga na kuichukua hii mbovu akaitupe.

"Fundi, sina ugomvi na wewe," alisema. "Ila nimechoka kuwaomba watu radhi. Kama itapona kabisa kabla ya hapo, nitamwambia asije. Kama ni kupona kwa wiki moja, basi."

Muneo aliipakia deki kwenye mkokoteni wa kuteleza juu ya theluji na kuivuta hadi nyumbani. Siku nne aliizunguka. Asipoiponya, inatupwa, na yeye hana la kwenda kufanya Suzuran. Akiiponya, inapona, na yeye pia hana la kwenda kufanya Suzuran. Alichemsha tambi, akazisahau, akazila zimevimba. Siku ya tano aliona haya, si kwa sababu ya Mama, bali kwa sababu ya deki yenyewe. Miaka kumi na moja mgonjwa amelala mbele yake na dawa iko kwenye droo. Akatoa soksi.

Alilifunga jicho lile kama alivyokuwa akifunga akiwa na miaka thelathini.

Jumamosi saa tisa alasiri aliirudisha. Hikoichi alikuwa amefika mapema, kwa maelezo yake mwenyewe kumzolea Mama theluji ya mlangoni, ingawa koleo lilikuwa limeegemea ukuta na yeye amekaa kando ya jiko anaota moto. Mama aliuliza waijaribu kwa wimbo gani, akajijibu mwenyewe kwa kuuchukua ule wa kufungia.

Mume akaondoka. Mke akahesabu siku, mkononi kashika mwavuli mwekundu. Ikafika pale penye chenga. Muneo alijua siku zote kwamba deki inaruka pale, kwa kuwa diski ina doa ndani. Alidhani inaruka sekunde mbili tatu. Wengine walidhani zile chenga ni theluji ya kwenye picha.

Jicho jipya likapita juu ya doa bila kujikwaa, na ukatokea ubeti ambao hakuna aliyewahi kuuona. Treni imesimama. Mlango umefunguka. Anashuka mwanamume mwenye koti linalompwaya, mkononi kashika boksi la keki za maharage, anacheka. Maneno yakapita chini ya picha: kwamba amerudi, kwamba supu iko jikoni, kwamba wamekimbilia ndani kwa furaha hata wakasahau kufunga mlango. Ndipo ukaja ule wa mwisho, theluji inazidi kuanguka na mlango umeachwa wazi.

Hakuna aliyeimba. Muziki ulicheza wenyewe mpaka ukaisha.

Hikoichi ndiye aliyeanza, naye alikuwa amekasirika kwelikweli. Alitaka kujua huyo bwana ni nani na anatoka wapi. Alisema hiyo diski si ile.

"Ni ile," Muneo alisema.

"Si ile bwana. Mimi nimemlilia yule mke wa kwenye wimbo miaka kumi na tisa. Leo unaniambia mumewe alikuwa ndani anakunywa supu?"

Mama alikuwa bado anaitazama televisheni. Muneo alimwona mabega yakitikisika. Kichwani mwake aliona jambo moja tu: amemvunjia huyu mwanamke kitu pekee alichobakiwa nacho. Akasema haraka haraka kwamba jicho la zamani analo mkobani, atalirudisha sasa hivi, saa mbili tu, na ule ubeti hautaonekana tena.

Mama akageuka. Alikuwa anacheka, machozi yanamtoka kwa kucheka, hawezi hata kusimama sawasawa. Alishika kaunta.

"Boksi la keki," alisema. "Yaani kamletea na keki." Akajifuta macho kwa aproni. Kisha akamtazama Hikoichi, akamwambia aende akazoe ile theluji aliyoijia, na asirudi ndani mpaka amefika barabarani. Hikoichi alitaka kubisha. Akaona uso wake, akachukua koleo.

Walipobaki wawili, Mama aliuliza jicho hilo kalipata wapi. Muneo akamwambia. Akauliza lini. Uongo ulikuwa karibu, na ulikuwa mwepesi. Fundi akainamisha kichwa mpaka paji likakaribia kaunta.

"Miaka kumi na moja," alisema. "Lilikuwa kwenye droo. Unisamehe, Mama. Nilikuwa nakufanyia kazi mbovu makusudi."

"Kwa nini?"

"Deki ingepona, nisingeitwa tena."

Mama alichukua bilauri, akaipangusa ingawa ilikuwa kavu. Muneo hakuinua kichwa. Alisikia koleo la Hikoichi likikwaruza nje, polepole, la mtu anayesikiliza zaidi kuliko anavyochota.

"Ninyi wanaume wa mji huu," Mama alisema hatimaye, "mna mambo. Mimi yule bwana niliacha kumngoja mwaka ule ule, hata theluji haijaisha yote. Nilitupa mpaka vijiti vyake vya kulia chakula. Huu wimbo naupenda kwa sababu unawafanya mlipe muondoke mapema. Ninyi ndio mnaomngoja. Kila mmoja anayeingia hapa ananitazama kwa huruma, ananiagiza sake, analia, anarudi kwa mkewe. Hakuna hata mmoja aliyewahi kuniuliza, Tamayo, unamngoja kweli?"

Muneo aliinua kichwa. Masikio yalikuwa yamemwiva kwa wekundu. Maisha yake yote alikuwa amesikiliza mashine akajua zinaumwa wapi kabla ya kuzifungua, na huyu mtu, aliyekaa mbele yake Ijumaa zote hizo, hakuwa amemsikiliza hata siku moja. Jambo hilo lilimuuma kuliko ile aibu ya soksi.

"Unamngoja?" aliuliza.

"Simngoji."

Mama alipiga simu kwa mpwa wa jirani akamwambia asijisumbue kuja, deki imepona. Akakata simu. Muneo alikuwa tayari anakusanya bisibisi zake, moja moja, taratibu mno kwa mtu mwenye bisibisi sita tu. Mama alimtazama mpaka alipofunga zipu ya mkoba.

"Haya, imepona," alisema. "Ijumaa utakuja kufanya nini?"

Mlango ulikuwa wazi nusu, na Hikoichi alikuwa ameacha kabisa kuzoa theluji. Muneo alijua hilo. Alijua pia kwamba kabla ya jua kuzama habari itakuwa imefika hekaluni.

"Nakuja kukuona wewe," alisema. "Siku zote nilikuwa nakuja kukuona wewe."

Mama alikwenda akaufunga ule mlango, akarudi.

"Ijumaa nina wateja, sina nafasi," alisema. "Njoo Jumapili. Jumapili sifungui baa."